Kibiriti Lazima Afe Ijumaa

Sehemu ya Sita

Mkono ule haukumwachia.

Wale mliokuwa nasi juma lililopita mnakumbuka tulipofikia. Fundi Kufuli amepiga magoti mbele ya kabati la mafaili la Kiwanda cha Hadithi, waya umo ndani ya tundu la ufunguo, mvua inapiga bati kama imetumwa, wafanyakazi wote wako chumba cha chakula, na mkono wa mtu umemtua begani. Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usihangaike. Jua tu kwamba mzee huyu ametengeneza kufuli kwa miaka arobaini na moja, na hajawahi kufungua hata moja bila ruhusa ya mwenyewe, isipokuwa mara moja. Hiyo mara moja tutaifikia.

"Baba," sauti ikasema nyuma yake. "Chomoa huo waya kabla sijauona."

Alikuwa Mama Bahasha, karani wa barua.

Fundi akachomoa waya. Magoti yakamlia alipoinuka.

"Nilikuwa naangalia kama kitasa ni kizima."

"Ni kizima. Na macho yangu pia ni mazima." Mama Bahasha akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Kama unatafuta mkataba wako, haumo humo. Uko juu kwa mkurugenzi tangu asubuhi."

"Na kadi?"

"Kadi pia."

Pale Kiwandani kila mhusika ana kadi yake, na kadi hizo hubanwa ukutani, kila hadithi na safu yake. Juu ya kadi huandikwa jina, umri, sura, kovu kama analo, nyumba yake ina ngazi ngapi. Kadi ikibanduliwa na kupelekwa juu, hupigwa muhuri mweusi. Hakuna mhusika aliyewahi kushuka tena.

"Kura za wasomaji zilikuwaje?" Fundi akauliza.

"Rundo la 'afe' limenifika hapa." Mama Bahasha akagusa goti lake. "La 'aishi' lingeingia kwenye kikapu cha sokoni. La 'aolewe' lina barua nne, na mbili ni za mtu mmoja."

"Watu wana roho mbaya."

"Hawana. Wanataka kulia siku ya Ijumaa, wafue Jumamosi. Lakini hilo silo lililonileta. Nimekutafuta jengo zima. Kuna mtu yuko chini mapokezi, ana—"

Kengele ya juu ikalia. Mara mbili.

Mara moja ilikuwa kumwita karani. Mara mbili, mwandishi.

"Nenda," Mama Bahasha akasema. "Ukimchelewesha atashuka mwenyewe, na waya unaning'inia mfukoni mwako. Tutaongea baadaye."

Fundi akausokomeza waya mfukoni, akazishika ngazi.

Hebu tumwache apande polepole, kwa maana magoti ni ya umri, nami niwape habari mnazozihitaji.

Fundi Kufuli alikuwa na binti mmoja. Nyumbani walimwita Kibiriti, kwa kuwa hakuhitaji kuchokozwa mara mbili ili awake. Mama yake alifariki msichana akiwa na miaka kumi na minne. Baba akamtengenezea sanduku la bati, akalitia kufuli aliyoichonga kwa mkono wake mwenyewe, akampa ufunguo pekee uliokuwepo. "Hiki ni chumba chako," akamwambia. "Hata mimi siingii."

Miaka kumi baadaye akaingia. Alisikia fununu kwamba binti ana mwanamume, akaogopa, na mtu mwenye kiburi akiogopa hufanya ya ajabu. Akaifungua ile kufuli kwa waya. Akakuta daftari. Jumapili, mbele ya mashangazi na wajomba, akalisoma daftari lile kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, akidhani aibu itamrudisha mtoto kwenye mstari.

Kibiriti hakuwaka siku ile. Aliuliza swali moja tu: "Baba, ulilipataje?"

Naye akajibu, mbele ya wote: "Sanduku lilikuwa wazi."

Binti akamtazama. Akaondoka jioni ileile. Ni miaka sita sasa.

Mzee alikuwa amesoma shule ya jioni akiwa mtu mzima, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaanza kuandika kila alfajiri kabla ya kufungua duka, kurasa mbili, bila kukosa, kama mtu anayeswaki. Aliandika hadithi ya msichana aitwaye Kibiriti. Akaiuza Kiwandani, Kiwanda kikaiweka gazetini. Katika sehemu ya pili aliandika ukweli ambao mdomo wake ulishindwa kuusema: sanduku lilikuwa limefungwa, na baba ndiye aliyelifungua.

Wiki ya nne ikaja barua isiyo na jina. Mstari mmoja. *Dirisha la jikoni lilikuwa na kioo kimoja cha kijani, si cha bluu.*

Ni nani duniani aliyejua rangi ya kioo kile?

Tangu siku hiyo Fundi aliweka kosa moja dogo kila wiki, kwa makusudi. Akaandika kwamba mama mtu alikuwa akiimba wakati wa kuosha vyombo. Jibu likaja: *Mama hakuwa anaimba. Alikuwa anahesabu vijiko.* Akaandika kwamba baba alichechemea mguu wa kushoto. *Wa kulia. Na alikuwa akizidisha tukiwa na wageni.* Mzee alicheka peke yake dukani hadi mteja akamwuliza kama ni mzima.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Hakumweleza mtu. Mama Bahasha alikuwa akimwonyesha barua zile kabla ya kuzipeleka juu, akiamini kwamba mzee anataka kusahihisha kazi yake. Fundi hakuuliza zinafikaje, na mama wa watu hakumwambia.

Sasa amefika juu. Tuingie naye.

*

Mkurugenzi wa Kiwanda aliwahi kuuza sabuni mikoa yote, na wafanyakazi walimwita Sabuni akiwa hayupo. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mashati safi, asiyempandishia mtu sauti.

"Karibu mzee wangu, kaa. Magoti yanasemaje?"

"Yanalalamika. Mimi siyasikilizi."

"Safi kabisa."

Karibu na dirisha aliketi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kalamu ya risasi mdomoni. Huyo walimwita Mkasi. Hadithi iliyokwama ilipelekwa kwake, naye aliikata, akaishona, akaimaliza. Hakumtazama Fundi.

Mezani palikuwa na mkataba, na kadi ya Kibiriti, na barua zimepangwa kama karata.

"Nikuulize, mzee," Sabuni akasema. "Kwa nini mtu hurudi dukani kununua sabuni ileile?"

"Kwa sababu amechafuka tena."

Mkasi akakohoa kidogo, kikohozi cha kuficha kicheko.

"Kwa sababu kipande cha leo ni sawasawa na cha jana," Sabuni akasema, naye akitabasamu. "Harufu ileile, uzito uleule. Hadithi pia ni bidhaa. Sasa tazama." Akaanza kugusa barua kwa kidole. "Kioo, kasoro. Vijiko, kasoro. Mguu, kasoro. Mwandiko mmoja, mteja mmoja, kila wiki analalamika, na kila wiki wewe unampa sababu mpya. Nilipokuwa kwenye sabuni tungeshafunga mtambo."

Ile njia aliyodhani ni ya siri kuliko zote ilikuwa imelala mezani pa mtu, imehesabiwa kuwa ni uzembe.

"Nitakuwa mwangalifu," Fundi akasema.

"Wiki iliyopita hapakuwa na kosa. Unajua kwa nini? Nilimpa Mkasi apitie. Uliandika nyumba ina ngazi nane. Kadi inasema tisa. Akaweka tisa."

Fundi akageuka kumtazama Mkasi. Mkasi akageuka kutazama mvua.

Basi wiki iliyopita hakumwambia mwanawe kitu. Alinyamaza mbele yake bila kujua.

"Na hii ya leo?" akauliza, akionyesha bahasha moja iliyokuwa chini ya kiganja cha Sabuni.

"Tutaifikia. Kwanza biashara. Wasomaji wamepiga kura, Kibiriti anakufa Ijumaa. Mkasi ameshaandika. Dada, msomee mzee."

Mkasi akatoa kalamu mdomoni. Akasoma bila mbwembwe, kwa sauti ya chini. Kibiriti yuko kitanda cha hospitali, homa imempanda, baba amefika na kofia mkononi, anashindwa pa kuanzia. Msichana anafumbua macho. Anasema: "Baba, nilikusamehe siku ileile. Nilikuwa nasubiri tu ugeuke unitazame."

Mkasi akaacha kusoma.

Fundi alitaka kusema ni upuuzi. Alifungua mdomo aseme hivyo. Badala yake machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye grisi, yakatoka mengine. Miaka sita alikuwa akiisubiri sentensi ile, na mtu asiyemjua mwanawe ameitengeneza kwa asubuhi moja, kwenye karatasi ya ofisi.

"Unaona," Sabuni akasema taratibu. "Hata wewe."

"Mkurugenzi. Mpeleke safari. Mvunje mguu. Mfunge jela, mpoteze nchi za mbali. Asife."

"Kura ni kura."

"Mimi ndiye niliyemwandika."

"Naam, halafu ukamuuza." Akageuza ukurasa wa mkataba, akasoma. "Kifungu cha tisa. Mhusika, jina lake, tabia zake, na lolote litakalompata, ni mali ya Kiwanda, hata baada ya hadithi kwisha. Sahihi hii hapa. Mwandiko mzuri, nakupa heko."

Ndiyo, msomaji wangu, alitia sahihi bila kugeuza ukurasa. Mtu aliyewaambia wateja kwa miaka arobaini na moja, jaribu ufunguo mlangoni kabla hujaondoka. Walimpa kalamu ya wino, wakampiga picha, wakamwita mwandishi mbele ya watu. Aliona haya kutoa miwani na kusoma kama mtu asiyeamini watu kirahisi.

Mvua ikazidi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, akafanya ambacho wewe na mimi pengine tungefanya. Akasema ukweli.

Akaeleza yote. Sanduku, daftari, wajomba, uongo wake. Kioo cha kijani. Makosa ya makusudi. "Huyo mlalamikaji ni binti yangu," akamalizia. "Sijui anakoishi. Sina njia nyingine ya kusema naye. Mkimwua Kibiriti mmenikatia njia. Nakuomba, mwanangu. Sikuombi kama mwandishi."

Mkasi alikuwa amesimama, bila kujua kwamba amesimama.

Sabuni akakishika kidevu. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na sitaki kumsingizia, nadhani yalilowa kweli.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukuniambia haya tangu mwanzo?"

"Basi hafi?"

"Afe? Kibiriti yuko hai. Anatembea mjini." Akainuka, akaanza kuzunguka meza. "Ijumaa tunamwacha kitandani, hajulikani wa kufa wala kupona. Wiki inayofuata, ukurasa wa kwanza, picha yake na picha yako. Tunawaambia watu: mnayemsoma ni mtu kweli, na lile daftari lipo. Unalo?"

Fundi akainuka kitini.

"Daftari alilichukua mwenyewe."

"Atatupa. Tutachapisha kurasa zake."

"Hapana." Mzee akashika ukingo wa meza. "Hapana, mkurugenzi. Aliondoka kwa sababu nilisoma mambo yake mbele ya watu kumi na mmoja. Wewe unataka kuyasoma mbele ya nchi nzima."

"Nataka kumrudisha kwako. Na watu washuhudie."

"Basi afe."

"Nini?"

"Afe Ijumaa, kama mlivyopanga. Chapisha hii ya dada. Ni nzuri. Afe, azikwe, basi."

Sabuni akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye upole. "Mzee wangu, hakuna anayeua kitu kinachouzika kikiwa hai. Na hilo si lako tena kuamua. Shika." Akampa ile bahasha. "Hii ni yako. Nakala ninayo."

Fundi akavaa miwani, safari hii bila haya. Mwandiko ulikuwa uleule, ila mistari ilikuwa mingi.

*Wiki hii hamkukosea chochote. Ngazi ni tisa kweli. Naomba kujua kama mwandishi ni mgonjwa, au kama ni mtu mwingine anayeandika sasa. Nitapita hapo Ijumaa saa nne asubuhi kuchukua jibu. Kama ni mgonjwa, msimwambie nimeuliza.*

Aliisoma mara tatu. Ile ya mwisho hakuona maneno.

"Nilikuwa nimepanga apewe kalenda ya bure na maneno ya radhi," Sabuni akasema, mkono tayari uko kwenye simu. Kisha akaona laini inakwaruza kwa mvua, akachukua kofia. "Ngoja nikampigie mpiga picha kutoka chumba cha pili. Watatu, nadhani. Mzee, Ijumaa gari litakufuata saa moja. Vaa koti. Kifungu cha kumi na mbili, mwandishi huhudhuria matangazo. Dada, mwisho mpya, mezani kwangu kabla ya saa tisa. Ukurasa unaondoka saa tisa."

Akatoka, akiimba chinichini.

*

Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

"Nitasimama barabarani," Fundi akasema. "Nitamwona kabla hajafika mlangoni."

"Na mpiga picha atasimama nyuma yako," Mkasi akajibu. "Si umemsikia, gari litakufuata. Utakuwa naye ubavuni tangu alfajiri."

"Nitajificha nisije."

"Binti atakuja, uje usije."

Mzee akakaa. Miaka sita aliomba jambo moja, kumwona mwanawe akiingia mlangoni. Sasa ilimbidi aombe asiingie.

Mkasi akavuta kiti, akakaa karibu naye, magoti yakikaribia kugusana.

"Mimi ndiye niliyeweka tisa," akasema. "Niliona ni kosa. Kazi yangu ni makosa. Sikujua, baba."

"Ungejuaje."

"Sikiliza. Gazeti linatoka Ijumaa alfajiri. Analisoma kabla ya saa nne, sivyo? Huu mwisho ninauandika mimi. Siwezi kuandika 'usije', yeye hupitia kila mstari kwa kalamu nyekundu. Lakini naweza kukuwekea kosa. Moja. Dogo. Niambie lipi litamzuia."

Fundi akatazama mikono yake. Akapitisha nyumba nzima kichwani. Rangi ya mlango, kitanda, vijiko, paka aliyekuwa na mkia uliokatika. Makosa hayo yote yangemwambia binti kitu kimoja tu: baba yupo, mzima, anaandika. Angekuja mbio.

Akavua miwani.

Kosa lilikuwepo. Alilijua tangu swali lilipoulizwa, alikuwa akilizunguka tu.

"Andika kwamba sanduku lilikuwa wazi," akasema.

Mkasi hakuandika. "Lakini sehemu ya pili ulikiri. Ndiyo iliyomfanya akuandikie."

"Ndiyo."

"Ataona umeyafuta. Ataona umerudia uleule uongo, mbele ya watu, mara ya pili."

"Ndiyo."

"Hatakuja Ijumaa."

"Hatakuja Ijumaa," Fundi akasema, "wala barua haitakuja Jumatano."

"Basi tutafute lingine."

"Halipo lingine, mwanangu. Nimelitafuta. Andika kabla sijabadilisha."

Mkasi akaandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. Katika maneno aliyomwekea baba wa hadithini, pale kando ya kitanda cha hospitali, mlikuwa na haya: *Sanduku lilikuwa wazi, mwanangu. Nilikuta liko wazi.*

Saa nane na dakika hamsini Sabuni akarudi, ana furaha, kalamu nyekundu sikioni. Akasoma amesimama. Kichwa kilikuwa kinakubali, kinakubali, kinakubali.

Kikaacha.

"Hapa," akasema. "Hili sanduku."

Mkasi akafunga macho.

"Sehemu ya pili lilikuwa limefungwa. Nakumbuka vizuri, watu walilia sana siku ile. Hapa mnasema lilikuwa wazi." Akaishusha kalamu nyekundu hadi juu ya mstari, ikaning'inia. "Sitaki kasoro tena. Mzee, wewe ndiye mwenye nyumba. Lilikuwa wazi, au lilikuwa limefungwa?"

Swali lilelile. Mara hii hapakuwa na mashangazi wala wajomba. Palikuwa na mtu mwenye shati safi, mwanamke aliyekuwa anang'ata kalamu, na sauti ya mvua iliyoanza kupungua juu ya bati.

Fundi Kufuli aliiona ile kufuli. Aliichonga kwa siku tatu. Waya uliifungua kwa dakika moja. Angesema "limefungwa", kalamu nyekundu ingesahihisha, mwanawe angesoma kwamba baba bado anakiri, angekuja Ijumaa saa nne akikimbia, moja kwa moja mbele ya kamera tatu.

Akajikaza kisabuni, mniwie radhi kwa neno hilo katika ofisi ile.

"Lilikuwa wazi," akasema.

"Na ile sehemu ya pili?"

"Ile ndiyo niliyoikosea."

Sabuni akamtazama kidogo. Kisha akaipiga tiki karatasi, akaikunja, akafungua mlango, akampa mpeleka kurasa aliyekuwa akisubiri nje na koti la mvua. Nyayo zikashuka ngazi. Chini injini ya pikipiki ikawaka, ikanguruma, ikaenda.

Mara ya pili. Uleule uongo, kinywa kilekile.

"Umefanya kazi nzuri leo, mzee," Sabuni akasema. "Nenda ukapumzike."

*

Alishuka akishika ukuta. Mama Bahasha alikuwa amesimama chini ya ngazi, uso umemkunjika.

"Baba, umekaa huko kama unajenga. Nilitaka kukwambia tangu saa saba, kengele ikanikatiza."

"Niambie kesho, mama."

"Kesho hayupo. Ni yule mteja wako wa makosa."

Fundi akasimama ngazi ya tatu kutoka mwisho.

"Mteja gani?"

"Huyu wa kioo na vijiko. Huwa analeta barua zake kwa mkono, kila Jumatano mchana. Ananipa dirishani, anaondoka. Leo mvua ikamkamata, nikamwambia akae kwenye benchi la mapokezi mpaka ikatike. Amekaa tangu saa saba. Nikamwuliza nimwite mwandishi, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akasema tu, mvua ikikatika ataondoka."

Alikuwepo. Wakati ule wote. Wakati wa kupiga magoti, wakati wa kulia, wakati wa kusema lilikuwa wazi, alikuwa chini yake, ngazi ishirini na mbili tu.

Fundi Kufuli akainua uso kusikiliza bati.

Bati lilikuwa kimya.